Mmoja Akiondoka: Kwateti Ivunjwe au Iendelee?

Agosti 1987 Peter Schidlof, mpiga viola (ala kama fidla, kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi) wa Amadeus ya Uingereza, alifariki dunia. Amadeus ilikuwa kwateti, yaani kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi. Wenzake watatu, Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Martin Lovett, hawakumtafutia mrithi. Kwa karibu miaka 40 walikuwa wamepiga pamoja wale wale wanne, bila hata mmoja kubadilishwa, na kiti kimoja kilipobaki kitupu waliona kazi imekwisha.

Wapenzi wengi wa muziki huu hulitaja tukio hilo kama mfano wa heshima. Mimi pia liliniingia moyoni nilipolisikia mara ya kwanza. Lakini kadiri ninavyofuatilia maisha ya watu waliofanya kazi hii, ndivyo ninavyoona kwamba tumezoea kulipima swali la kuvunja au kuendelea kwa sikio peke yake, ilhali ni swali la ajira na la umri pia.

Kwanza tuelewe ugumu wenyewe. Kwateti ya nyuzi ni fidla mbili, viola na selo, basi. Hakuna kondakta wa kuwaongoza. Okestra kubwa ikimpoteza mpiga fidla mmoja, aliye ukumbini hatagundua, maana wapo wengine wengi wanaopiga sauti ile ile. Kwenye kwateti kila sauti ina mwenyewe mmoja. Mafiga matatu huinjika chungu, lakini wapigaji watatu hawawezi kupiga hata ukurasa mmoja wa kwateti ya mtunzi Haydn (vipande vilivyoandikiwa kundi kama hili navyo huitwa kwateti) kama ilivyoandikwa.

Wanaotaka kundi livunjwe wana hoja nzito, nayo haitokani na huzuni tu. Fidla haina vituo kwenye shingo yake kama gitaa. Kidole ndicho kinachotafuta mahali pa sauti, na mahali hapo huhamahama kidogo kulingana na sauti ambazo wengine watatu wameshika wakati huo. Watu waliokaa pamoja miaka 20 hurekebishana bila kusema neno. Wanajua nani huchelewesha kidogo mwisho wa mstari, nani hutumia uta mrefu, nani hupunguza mtetemo wa kidole sauti zinapotakiwa kuyeyukiana. Hayo hayamo kwenye noti zilizochapishwa. Anayefariki au kustaafu huondoka nayo, na wale wanaobaki hupoteza sehemu ya uchezaji wao wenyewe, kwa kuwa walijijenga wakimsikiliza yeye. Msikilizaji aliyenunua tiketi kwa ajili ya sauti ile ana haki ya kuuliza: jina ni lile lile, je, ninachokisikia ni kile kile?

Swali hilo lina uzito. Ila historia hailijibu vile wanaouliza wanavyotarajia.

Chukua kwateti ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Iliundwa mwaka 1917 na wapigaji wa okestra ya opera ya mji huo. Wakatoka mmoja mmoja, wakaingia wengine, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 hakuna Mhangaria hata mmoja aliyebaki; wote wanne walikuwa wametokea iliyokuwa himaya ya Urusi. Hao wageni wanne ndio walioifanya Budapest kuwa jina kubwa Marekani, wakapewa makao katika Maktaba ya Bunge mjini Washington na kupigia ala za Stradivari, fundi mashuhuri wa zamani wa Italia, zinazohifadhiwa hapo. Au itazame Takács, iliyoanzishwa na wanafunzi wanne mjini Budapest mwaka 1975. Gabor Takács-Nagy, mwenye jina hilo, aliondoka mapema miaka ya 1990, na Mwingereza Edward Dusinberre akakalia kiti chake mwaka 1993. Miaka miwili baadaye mpiga viola Gabor Ormai akafariki. Nusu ya kundi ilikuwa imekwenda. Kwa kipimo cha Amadeus, huo ulikuwa wakati wa kufunga. Badala yake, kundi hilo, wazee wawili na wageni wawili, ndilo lililorekodi kwateti zote za mtunzi Beethoven mwanzoni mwa miaka ya 2000, rekodi zilizoshinda tuzo ya Grammy na ambazo hadi leo wengi huzitaja miongoni mwa zilizo bora. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouona mfano wa Amadeus kuwa kanuni. Schidlof alipofariki, Nissel alikuwa na miaka 65, Brainin 64, Lovett 60. Walikwishazunguka dunia, wamerekodi karibu kila walichotaka, wana majina na wanafunzi. Sipunguzi uchungu wao. Watatu kati ya wale wanne walikuwa wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Austria waliowekwa kizuizini Uingereza wakati wa vita, na urafiki wao ulianzia huko. Ninachosema ni kwamba kufunga kuliwezekana kwa sababu riziki na sifa zao zilikuwa salama. Mpe uamuzi huo huo mpiga fidla wa miaka 38 aliyeacha okestra, akaacha mashindano ya wapigaji wa peke yao, akajifunza kwateti 16 za Beethoven na 6 za mtunzi Bartók. Jina la kundi ndilo wasifu wake wote. Likizikwa, anazikwa nalo.

Mfano unaonifikirisha zaidi kuliko yote ni Tokyo. Kundi lilianza mwaka 1969 na Wajapani wanne waliokuwa wakisoma New York. Fidla ya kwanza, ile ambayo mara nyingi hubeba wimbo mkuu, ilishikwa na watu wanne kwa zamu: Koichiro Harada, kisha Peter Oundjian tangu 1981 hadi matatizo ya mkono yalipomlazimisha kuacha mwaka 1995 (akawa kondakta wa okestra), kisha Mikhail Kopelman, aliyekuwa amepiga miaka 20 katika kwateti ya Borodin ya Moscow, na mwisho Martin Beaver mwaka 2002. Mwaka 1999 mpiga selo naye alibadilika, akaja Clive Greensmith. Katikati walibaki Kazuhide Isomura, mwasisi aliyeshika viola, na Kikuei Ikeda, fidla ya pili tangu 1974. Tunapenda kuamini kwamba fidla ya kwanza ndiyo sura ya kwateti. Tokyo ilidumu miaka 44 ikibadilisha sura hiyo mara tatu, kwa sababu sauti za katikati, zile ambazo wasikilizaji wengi hawazitofautishi, hazikuhama.

Kisha Isomura na Ikeda wakatangaza kustaafu pamoja. Mwanzoni mpango ulikuwa kuwatafutia warithi. Baadaye Beaver na Greensmith wakabadili mawazo, na mwaka 2013 kundi lilifungwa. Ala nne za Stradivari zilizowahi kuwa za mpiga fidla mashuhuri Paganini, walizoazimwa na taasisi ya Kijapani, zikarudishwa. Tazama walioamua: vijana wa kundi, wenye mengi zaidi ya kupoteza, na ndio walioona kwamba kujaza viti viwili kwa mpigo, tena vile viwili, kungekuwa kuanzisha kundi jipya kwa jina la zamani. Wakaenda kufundisha Los Angeles, wakaunda trio, kundi la watatu, pamoja na mpiga piano Jon Kimura Parker, na trio hiyo ikapewa jina jingine, Montrose. Uamuzi huo nauheshimu kuliko ule wa Amadeus, kwa kuwa uligharimu zaidi.

Nisieleweke kwamba kuendelea ni rahisi. Anayeingia hubeba mzigo ambao wapenzi wa kundi hawauoni. Wenzake wana miaka 15 ya kazi vichwani mwao. Yeye hupewa miezi ya kujifunza programu za msimu mzima. Kila onyesho analinganishwa na mtu ambaye rekodi zake bado zinauzwa. Akimwiga, ataonekana kivuli. Akijileta alivyo, ataambiwa ameharibu sauti. Makundi yaliyofaulu ni yale ambayo wazee wake walikubali kujifunza upya vipande walivyovipiga mara mia. Pasipo utayari huo, naungana na wanaosema bora kufunga.

Pia kiti si mali ya watatu wanaobaki tu. Mwaka 2000 wanachama watatu wa kwateti ya Audubon ya Marekani walimtoa mpigaji wao wa fidla ya kwanza, yakafika mahakamani, na mwaka uliofuata wakaamriwa kumlipa zaidi ya dola 600,000. Muziki wa ala nne ukageuka hesabu za hisa na madeni.

Ndiyo maana mimi huangalia jinsi Alban Berg ya Vienna ilivyofanya. Mpiga viola wake, Thomas Kakuska, aliugua na kufariki Julai 2005. Kabla ya hapo alikuwa ameeleza anayemtaka kitini pake: Isabel Charisius, mwanafunzi wake mwenyewe. Wenzake waliufuata utashi huo, wakapiga naye kwa takriban miaka mitatu, na mwaka 2008 wakafunga wenyewe.