Jina la leso halifai kuwekwa kwenye JPEG

Mchoro wa leso ya harusi ukishazunguka kwenye simu za nusu ya Mombasa, mara nyingi huwa umeshaharibika. Pindo limefifia, na jina, maandishi yale ambayo kwayo mtu huchagua leso hii akaiacha ile pale Biashara Street, limezingirwa na vidoadoa vya kijivu. Watu husema simu ni mbovu. Kwa maoni yangu, kosa ni la kuhifadhi mchoro kama JPEG, aina ya faili ya picha inayotumika sana.

JPEG, iliyoidhinishwa mwaka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Huigawa picha katika miraba ya pikseli (nukta ndogo za rangi) 8 kwa 8, kisha ndani ya kila mraba hutupa tofauti ndogo ndogo ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Ukipiga picha kuta za Fort Jesus jua likizama, hasara huioni, na faili hupungua sana. Hapo sina ugomvi nayo hata kidogo. Lakini herufi nyeusi juu ya rangi ya manjano ina ukingo mkali, na hizo tofauti zinazotupwa ndizo zilizoushikilia ukingo huo. Tena, kila ukifungua JPEG, ukairekebisha na kuihifadhi upya, hutupa nyingine. WhatsApp nayo huibana tena picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida.

PNG, aina nyingine ya faili ya picha, haitupi kitu. Ilizaliwa mwaka 1996, baada ya GIF, aina ya faili ya picha ya mwaka 1987, kuingia kwenye mzozo wa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi), na haikufungwa na kikomo cha GIF cha rangi 256. Leso ina rangi chache zilizotandazwa bapa, basi PNG huibana vizuri bila kupoteza hata pikseli moja. Pia hukubali mandhari yenye uwazi, kwa hiyo nembo ya duka ikibandikwa juu ya rangi nyingine haiji na kisanduku cheupe.

Kwa bango kubwa la barabarani hata PNG inaweza isitoshe. Hapo mwombe fundi SVG au PDF aliyoichora kwa mistari, maana hiyo hukuzwa upendavyo bila kuchakaa. Na usidanganyike kwamba kugeuza JPEG kuwa PNG kutarudisha kilichopotea. Utapata faili kubwa yenye madoa yaleyale.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoagiza leso za harusi, mkilipia mchoro daini faili ya asili pamoja na PNG, na mkiituma kwa WhatsApp itumeni kama hati. Picha za zamani za mabibi zetu, zile za karatasi zinazoanza kugeuka manjano kwenye makabati ya Mji wa Kale, zikiskaniwa zihifadhiwe kwa TIFF (aina nyingine ya faili ya picha) au PNG kwanza. Nakala ya JPEG ya kurushia jamaa itolewe baadaye.