Taa Iwake, Mtaro Uzibuliwe: Maoni ya Wakaazi wa Mombasa na Wanaoyapokea

Katika kikao kimoja cha maoni ya wananchi, mama anayekaanga samaki jioni karibu na kwetu alisimama akasema jambo moja tu. Nguzo ya taa iliyo mbele ya meza yake haiwaki. Kifuniko cha chini kimeng'olewa, nyaya ziko nje, na watoto wamefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka nguzo ile hadi dirisha la jirani. Aliomba ije balbu na fundi, akaketi. Afisa aliyekuwa akinukuu aliinama akaandika, nami nilipopita nyuma yake niliyaona maneno yenyewe: "Mradi wa taa za barabarani." Mwaka uliofuata ililetwa nguzo mpya. Ilisimikwa hatua kumi kutoka ile ya zamani, ikawaka miezi michache, nayo ikazima. Sasa ziko mbili, na yule mama anauza samaki kwa mwanga wa simu aliyoiegemeza kwenye kopo la ukwaju.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza kwa makini watu wa Mombasa wanapoulizwa wangependa mji wao uboreshwe vipi. Mtaro uzibuliwe kabla ya masika. Lori la taka lije siku inayojulikana. Choo cha soko kiwe na maji. Taa iliyopo iwake. Mengi wanayoyataja ni utunzaji wa kilichopo, na majibu wanayoyapata mara nyingi ni ujenzi wa kitu kipya. Pengo hilo ndilo linalonisumbua, na sidhani kuwa lawama yake ni ya upande mmoja.

Chukua maji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 220, na vyanzo vikubwa vinavyowanywesha viko nje ya mipaka yake. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo na kusafiri kwenye bomba zaidi ya kilomita 200. Marere na Tiwi ziko Kwale. Baricho iko Kilifi, kando ya mto Sabaki. Bwawa la Mwache, linalotarajiwa kupunguza kiu hii, nalo liko Kwale. Kwa hivyo mkaazi wa Changamwe au Kisauni akisema "tupeni maji", afisa wa hapa ana haki ya kumwambia kwamba jawabu kamili haliko mikononi mwake. Feri nazo ni vivyo hivyo. Jedwali la Nne la Katiba linazitaja feri miongoni mwa kazi za kaunti, ilhali zile za kivuko cha Likoni zinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, shirika la serikali kuu. Barabara kuu zina mwenyewe mwingine. Mkaazi anayesubiri Likoni na jua la saa saba hajui kazi ni ya nani wala hapaswi kujua, lakini anayeandika bajeti hawezi kutenga pesa kwa kazi ambayo haiko mkononi mwake.

Hoja hiyo ni nzito na naikubali. Ila lisikilize ombi lenyewe hadi mwisho. Katika nyumba nyingi za mji huu kuna mama au binti anayelala sikio likiwa macho. Saa nane za usiku mfereji unakoroma, unatoa hewa, kisha matone. Anaamka, anapanga mitungi ya lita 20 ukumbini, anakinga mmoja baada ya mwingine, maana maji huenda yakakatika kabla ya alfajiri na yasirudi kwa siku nne. Asiposikia, asubuhi atamngoja mwenye mkokoteni na bei yake. Nimewasikia wengi wa aina hii wakizungumza, na hawaombi bwawa. Wanaomba waambiwe maji yatafunguliwa mtaani kwao siku gani na saa ngapi. Anayezungusha vali anaijua zamu hiyo. Ikibandikwa dukani, msikitini na kwa mzee wa mtaa, haimwongezei mtu hata tone moja, lakini inamrudishia usingizi wake.

Mafundi wa maji wana jibu lao. Umeme ukikatika kwenye mitambo ya kusukuma maji, ratiba inavunjika, na ratiba iliyotangazwa kisha ikavunjika huzua hasira kuliko kukosa ratiba. Hilo ni kweli kwa mwezi wa kwanza. Baadaye watu huzoea kuarifiwa kwamba leo kumeharibika jambo, maji yatakuja kesho. Mtu aliyearifiwa hupanga siku yake.

Wapo wanaosema kwamba mkaazi haoni mbali zaidi ya kizingiti chake, na kwamba mji ukijengwa kwa maombi ya kila mlango utakuwa viraka vitupu. Nimeyaona yanayowapa nguvu. Kwenye uchochoro mmoja nilioishi, wenye nyumba za Kiswahili zilizo na baraza fupi, tulidai kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza njiani. Mhandisi alituambia mtaro kwanza, kabro baadaye. Tulikataa, nami nilikuwa miongoni mwa waliokataa, kwa sababu tuliogopa pesa zote zitaishia chini ya ardhi ambako hatuzioni. Kabro ikatandazwa. Njia ikapanda ikawa sawasawa na vizingiti vya milango. Masika yalipofika, maji yaliyokuwa yakipita nje yakaingia ndani, na jirani yangu akatoa magodoro matatu kuyaanika juu ya mabati mvua ilipotua. Mhandisi alikuwa na haki, nasi tulikosea, na gharama ya kosa letu iliwaangukia waliokuwa na baraza fupi zaidi.

Lakini nimeona na kinyume chake. Katika kikao kingine palitundikwa ramani ya mtaro wa kumwaga maji ya mvua kwenye hori ya Tudor, ule mkono wa bahari. Mzee mvuvi aliyekaa nyuma aliuliza kipimo cha mdomo wa mtaro kilichukuliwa siku gani. Akatajiwa tarehe. Akahesabu mwezi kwa vidole, akasema siku hiyo bahari ilikuwa ya maji mafu, yasiyojaa sana. Akawaambia warudi wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko siku nyingine, waone kama mdomo ule hautazama, na mvua kubwa ikikutana na bamvua limejaa, maji ya mtaro hayatakuwa na pa kwenda ila kurudi majumbani. Ukumbi ulinyamaza. Mhandisi hakubishana naye. Alitoa kalamu, akamwomba amtajie siku za bamvua la mwezi ule.

Nikivitazama visa hivyo viwili pamoja, naona ubishi wa nani anajua zaidi, mtaalamu au mkaazi, hautufikishi mbali. Mkaazi anajua maji hupita wapi na saa ngapi. Mtaalamu anajua yatakwenda wapi ukiyazuia. Kinachotakiwa ni wakutane mapema, kabla ya ramani kukauka, na kila mmoja aweze kumwambia mwenzake "hapana" na sababu yake.

Tena neno "wakaazi" lenyewe linaficha mengi. Mwenye duka karibu na soko la Marikiti anapendekeza njia ya miguu iondolewe wachuuzi, na mchuuzi anayepanga embe na bizari kwenye njia hiyo ni mkaazi vilevile, pengine wa wadi hiyohiyo. Jaa la Kibarani, lililokuwa likimpokea kwa moshi na harufu kila anayeingia kisiwani kwa njia ya Makupa, lilifungwa na pakapandwa miti. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini taka hazikuyeyuka, zilielekezwa Mwakirunge, huko Kisauni, na watu wa Mwakirunge nao wana pua na watoto wenye vifua. Pendekezo zuri la mtaa mmoja linaweza kuwa mzigo wa mtaa mwingine, na hapo ndipo serikali inapohitajika kweli, kupima kati ya wanaosikika na wasiosikika.

Kuhusu sura ya mji nitasema machache. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Wanaoitetea amri ile wana neno la maana: mji unaoishi kwa wageni, wenye Ngome ya Yesu iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, hauwezi kupuuza kuta zake. Walioipinga walisema gharama inamwangukia mwenye nyumba wakati mtaro uliopo mlangoni pake umeziba. Kwangu mimi rangi si kosa. Ila chumvi ya bahari inaibambua haraka, na isipopakwa tena tunarudi palepale, kwenye utunzaji.

Kwa nini basi utunzaji unashindwa kila mwaka? Sababu moja imo kwenye namna pesa zinavyopangwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Nia yake ni njema, mishahara isimeze kila kitu. Lakini balbu ya kubadilisha, mafuta ya lori la taka na ujira wa anayezibua mtaro kwa kawaida huandikwa upande wa matumizi ya kila siku, upande uleule unaolipa mishahara, na mishahara haingoji. Nguzo mpya ina fungu lake. Balbu inapigania mabaki.

Sababu nyingine ni sisi. Uchaguzi ukikaribia tunamuuliza kiongozi amejenga nini. Sijasikia mkutano wa kampeni pale uwanja wa Tononoka ambapo mtu alipigiwa vigelegele kwa sababu mitaro ya wadi yake ilibaki wazi miaka mitano. Viongozi wanatusikia vizuri sana katika jambo hilo.

Ya tatu ni wakati, na hapa nadhani wakaazi wanapoteza nguvu nyingi bila kujua. Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba. Mkakati wa fedha, unaoweka ukomo wa kila idara, hufika bungeni ifikapo 28 Februari. Makadirio yenyewe ni 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Sasa sisi hujitokeza lini kwa wingi? Mei, masika yakiwa yameshajaza njia maji na hasira zikiwa juu. Wakati huo ukomo umeshawekwa, na kuipa idara moja ni kuinyang'anya nyingine. Anayetaka mtaro wake uzibuliwe kabla ya mvua ya mwakani anafaa kusimama Septemba, jua likiwaka, wakati hakuna anayekumbuka mafuriko.

Upande wa serikali nao haujamrahisishia. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo kitabu cha bajeti kinachowekwa mezani ni kurasa nyingi za Kiingereza cha kihasibu, na kikao huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati hamali yuko soko la Kongowea na mama wa samaki yuko ufuoni akingoja mashua. Ukumbi hujaa wale wenye nafasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikasema njia zitumike nyingi: makanisa, misikiti, mabaraza, redio. Hapa kwetu kikao kikiitwa baada ya Isha, kwenye baraza la mtaa, kwa Kiswahili na kwa karatasi moja inayoonyesha pesa za wadi ile peke yake, watakuja watu ambao ukumbi wa saa nne haujapata kuwaona.

Lakini hata hayo yote yakifanyika, bado lipo ambalo mimi ningeliweka mbele ya mengine: jibu. Mama yule wa taa alitoa maoni, hakuambiwa ndiyo, hakuambiwa hapana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa raia haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na kifungu cha 89 kinaziwekea mamlaka za kaunti wajibu wa kulijibu bila kuchelewa. Maneno ya ukumbini hupotea kwenye muhtasari. Ombi lililoandikwa na kugongwa muhuri wa kupokelewa ni jambo jingine. Maafisa wataniambia kwamba wadi ni 30, na kila mtaa ukileta maombi kumi hawatafanya kazi nyingine ila kuandika barua. Naiona shida hiyo. Hata orodha moja ya kila wadi ingetosha, ibandikwe ukutani: hili tutalifanya, hili si letu tumelipeleka kwa wenyewe, hili hatuna pesa mwaka huu, hili haliwezekani kwa sababu hii. "Hapana" yenye sababu ingetuokoa kwenye uchochoro wetu wa kabro, maana mhandisi alitwambia kwa mdomo tu, na hatukuwa na karatasi ya kuisoma tena baada ya munkari kutulia.

Jumapili iliyopita tuliandika ombi la taa, mimi, yule mama na bintiye wa darasa la nane mwenye mwandiko mzuri. Tulitaka kuandika "taa zetu hazifanyi kazi". Mama akakataa. Akachukua simu, akavuka njia, akamulika nguzo ya kwanza, kisha ya pili, akatusomea nambari zilizopigwa rangi kwenye chuma, tarakimu moja moja. Binti akaziandika. Chini yake akaongeza, kama alivyoambiwa na mama yake, kwamba hatuhitaji nguzo ya tatu.