Misuli, joto na mteremko wa Ngong

Wakimbiaji wa Nairobi wamegawanyika. Wako wanaovaa jaketi mbili hata Februari, wakiamini kwamba msuli uliopata moto hauumii. Wengine wakimaliza tu mazoezi hukimbilia pipa la maji ya barafu, maana kwao joto ndilo linaloiharibu misuli. Kila upande una sayansi ya kuegemea, ila huisoma nusunusu.

Yale maumivu yanayoanza kesho yake na kufika kilele kati ya saa 24 na 72 hayaletwi na joto. Wala si asidi ya laktiki iliyobaki mwilini, kwa sababu hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Chanzo chake ni msuli kurefushwa huku umebeba uzito, nyuzi zake ndogo zikachanika. Ndiyo maana anayeteremka milima ya Ngong huumwa mapaja kuliko anayeipanda. Mpandaji ndiye anayetweta na kulowa jasho, lakini mteremkaji ndiye anayeshikilia ukuta Jumatatu akishuka ngazi za ghorofa. Kama joto lingekuwa mkosaji mkuu, mambo yangekuwa kinyume.

Wapenzi wa joto wana ushahidi wa kuvutia. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima misuli ya sungura wakaona kwamba msuli uliofanyishwa kazi kidogo kwanza, joto lake likapanda kwa nyuzi 1 tu, ulihitaji nguvu zaidi na kurefuka zaidi kabla ya kukatika. Mwaka 2007 mtafiti Kazunori Nosaka na wenzake waliupasha moto mkono mmoja wa washiriki wao kwa mashine ya mikrowevu, kisha kesho yake wakawapa zoezi zito la kuumiza misuli. Mkono uliopashwa ulirudisha nguvu upesi na kuuma kidogo kuliko mwenzake. Maelezo yanayotolewa ni protini za mshtuko wa joto, ambazo seli huzitengeneza zikipata moto na ambazo huzishika protini nyingine zisiharibike. Habari yake ilianza na nzi wa matunda, pale Ferruccio Ritossa wa Italia alipoeleza mwaka 1962 jinsi joto linavyoziamsha jeni zao.

Hata hivyo, moto huo ulipashwa siku moja kabla, tena kwenye mkono tu. Haukuwa wa mwili mzima, na haukuwa wakati wa zoezi. Mtu aliyejifunga nailoni tumboni na kupanda mashine ya kukimbilia huko jimu hafanyi alichofanya Nosaka. Anatoa maji tu, na akinywa chupa mbili uzito unarudi. Hata kupasha mwili kwa njia ya kawaida hakuna miujiza: mwaka huohuo wa 2007 watafiti wa Australia waliwatembeza watu kinyumenyume kwenye mashine iliyoinama, wakaona kwamba kutembea dakika 10 kabla ya zoezi kulipunguza maumivu kidogo, na kutembea baada yake hakukusaidia.

Wanaoogopa joto nao wanapata haki yao pale joto la ndani ya mwili linapokaribia nyuzi 40 na kuzidi. Damu hukimbizwa kwenye ngozi kuupoza mwili, na misuli ikapungukiwa. Utando wa seli hulegea, protini za misuli ziitwazo kreatini kinasi na mayoglobini zikavuja kuingia kwenye damu, na mayoglobini ikizidi huziumiza figo. Mkojo ukitoka na rangi ya strungi baada ya mazoezi, hayo si maumivu ya kawaida tena. Ni hospitali siku hiyohiyo, si duka la dawa. Ibuprofeni, dawa ya maumivu ambayo wengi huimeza hata kabla ya mbio, huziongezea mzigo figo zilizokwisha kuelemewa.

Je, Nairobi tuna sababu ya kuhofu? Mji uko juu ya mita 1,600 na asubuhi za Julai zinataka sweta. Joto letu hatari, kwa maoni yangu, tunalivaa wenyewe. Hofu ya kweli humngoja mkimbiaji wa Karura anayeshuka Mombasa kwa mbio bila kuupa mwili wiki moja au mbili kuzoea. Kuzaliwa Kenya hakumkingi mtu. Kwenye maratoni ya wanawake ya Doha mwaka 2019, iliyoanza karibu saa sita usiku ili kulikwepa jua, Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, mwendo wa polepole mno kwa kiwango chake, na wanawake 28 kati ya 68 hawakumaliza.

Kuna jambo lisilosemwa sana: misuli iliyoumia nayo hupandisha joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walionyesha mwaka 2013 kwamba waliokimbia mteremko, kisha wakakimbia kwenye chumba cha joto muda mfupi baadaye, walipata joto la ndani juu kidogo kuliko walipotangulia kukimbia tambarare. Kwa hiyo mazoezi makali ya mteremko wa Ngong yasisogezwe karibu na mbio za Pwani.

Barafu je? Hupunguza maumivu ukilinganisha na kukaa tu. Lakini utafiti wa Australia wa mwaka 2015 uliona kwamba waliozama kwenye maji baridi kila baada ya kunyanyua vyuma, kwa wiki 12, walijenga misuli kidogo kuliko wenzao. Kwa anayejenga mwili, hiyo ni hasara ya kujitakia.

Mahali pamoja tu barafu haina mpinzani, nako ni pale mkimbiaji anapoanguka, mwili unawaka na maneno yake hayaeleweki. Huyo huzamishwa kwenye maji baridi palepale, kabla ya kupakiwa kwenye ambulensi. Waandaaji wanaoweka hema la masaji mwisho wa mbio na hawana hata pipa moja la maji ya barafu wamejiandaa kwa mgonjwa asiye sahihi.