Si adrenalini peke yake
Makala niliyoisoma kuhusu wapenda hatari inawaita wanaoruka kwa parachuti na kupanda majabali "walevi wa adrenalini", kisha inaishia hapo. Naomba nitofautiane na mwandishi. Adrenalini ni homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo na kazi yake ni kuuandaa mwili: moyo unaenda mbio, mboni zinapanuka, misuli inapata damu zaidi. Kinachomrudisha mtu mlimani wiki ijayo ni zaidi dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, nayo hupanda hata kabla ya tukio, pale mtu anapotarajia jambo asilokuwa na uhakika nalo.

Tena watu hawa hawafanani. Marvin Zuckerman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuipima tabia hii ya kutafuta msisimko miaka ya 1960, aliigawa katika sura nne, na kupenda hatari ni moja tu. Nyingine ni kuchoshwa upesi na mazoea.

Mtazameni Alex Honnold, mpanda majabali wa Marekani aliyepanda El Capitan, jabali refu huko California, bila kamba Juni 2017. Ubongo wake ulipopimwa kwa MRI huku akionyeshwa picha za kutisha, amigdala, sehemu inayoshughulikia hofu, ilibaki kimya. Je, alizaliwa hivyo, au ni mazoezi ya miaka mingi? Mimi naelekea kwenye yote mawili, kwa sababu njia ile aliirudia kwa kamba mara nyingi akikariri pa kushika na pa kukanyaga. Inaniuma sana mtu mwenye maandalizi ya namna hiyo anapoitwa mwendawazimu anayekimbilia kifo.