Koncho igeuze nyuma kwanza

Mama mmoja wa Bukavu ninayesali naye hapa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, aliniletea mkoba wake wa ngozi nimtilie urembo kwenye kifuniko, na mi kwa uvivu nikaingia mtandaoni nikaagiza koncho kumi, vile visahani vya madini vya urembo, kwa hela ambayo haitoshi hata chakula cha mchana hapa mjini. Zikaja nzuri balaa, zinang'aa, halafu kwenye mifereji ya nakshi zimetiwa weusi flani hivi kama kitu ulichorithi kwa bibi. Nikafunga mbili, mama akafurahi, akapiga na picha. Wiki ya tatu simu inaita. "Kaka, ile kitu yako ilianguka ku kanisa." Nikajua skrubu imelegea tu, kumbe nilipoushika ule mkoba nakuta kishikizo cha nyuma kimekatika pu, skrubu bado imo ndani yake, na pale kwenye mkato ni kijivu, chengachenga, kama biskuti iliyomeguka. Zinki ya kumiminwa kwenye kalibu, juu wamepitisha rangi ya fedha basi, hadithi imeisha.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja ambao umeshanigombanisha na watu wawili watatu wa kazi za ngozi hapa: uso wa koncho usiuamini, igeuze nyuma kwanza.

Kwa wasiojua, koncho ni kile kisahani cha madini, duara au umbo la yai, kinachofungwa kwenye mkanda, tandiko la farasi, hatamu, mkoba, siku hizi mpaka kofia na mikufu. Jina limetoka kwenye neno la Kihispania concha, yaani kombe, kombe hilihili la baharini, na ukiangalia ukingo wake ulivyokatwa mawimbi mawimbi utaelewa kwa nini. Sasa huku bahari hamna hata ya dawa, ni jangwa na majabali mekundu, ila watu wanatembea na makombe kiunoni. Mi mtoto wa Tanga, hilo linanichekesha kila siku.

Wenye sifa ya koncho ni Wadine, wenyeji wa asili wa huku, wengi mnawajua kama Wanavajo. Uhunzi waliupata kwa Wameksiko katikati ya karne ya 19, na anayetajwa sana kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, jina ambalo maana yake ni Mhunzi Mzee, alianza na chuma, lijamu za farasi na vitu vya namna hiyo, fedha ikaja baadaye. Fedha kwa lugha yao wanaiita béésh łigaii, chuma cheupe. Umbo lenyewe la koncho linasemekana limechanganya damu, upande mmoja mapambo ya hatamu ya Wahispania na Wameksiko, upande wa pili visahani vya nywele vya makabila ya nyika, ambavyo vingi vilikuwa vya ile wanayoita fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki, fedha hamna hata punje. Kwa hiyo jamani kutapeliwa kwa majina hakukuanza na mtandao. Na katikati ya yote hayo kuna 1864, jeshi la Marekani likawaswaga Wadine kwa miguu mamia ya kilomita mpaka Bosque Redondo, kambi ya kuwazuilia, wakarudi kwao 1868 hawana kitu. Mikanda mingi ya kale unayoiona kwenye makumbusho ya huku ni ya baada ya pale.

Hizo za mwanzo ndo mi nazipenda kuliko zote. Katikati zina tundu la umbo la almasi, na ndani ya tundu wameacha ufito mwembamba wa fedha, basi mkanda wa ngozi unaingia, unaupanda ule ufito, unatokea upande wa pili. Ukiitazama haraka unadhani urembo. Kumbe wakati ule kulehemu fedha kulikuwa bado hakujakaa mkononi, sasa koncho utaishikisha vipi kwenye mkanda kama huwezi kuiwekea kitanzi nyuma? Unatoboa. Ilipofika miaka ya 1880 hivi lehemu ikakubali, wakaanza kuweka kitanzi cha shaba nyuma, uso ukazibwa, na baadaye feruzi zikaja kukaa palepale palipokuwa na tundu. Ila kuna mafundi waliendelea kugonga alama ya almasi katikati hata baada ya tundu kukosa kazi. Yaani uso ukabaki unakumbuka tatizo ambalo nyuma imeshalitatua. Mi hicho kitu nikikifikiria sana nasahau chai jikoni.

Na fedha yenyewe ilitoka mfukoni. Dola za Marekani za enzi hizo zilikuwa na fedha asilimia 90, kulikuwa na peso za Meksiko pia, zinayeyushwa, donge linafuliwa kwa nyundo mpaka linakuwa bamba. Hapa nikawakumbuka masonara wetu wa pwani, maana riale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa 1780 hata kama imepigwa miaka mia baadaye, gramu 28 na fedha kama asilimia 83, ilikuwa inaishia kwenye moto wa sonara hivyohivyo, huku kwetu na kule Oman, inatoka bangili ama ala ya jambia. Hela inavaliwa, siku ukikwama inaenda rehani, mambo yakinyooka unaikomboa. Wadine na mikanda yao ya koncho kwa wenye maduka ya biashara walikuwa wanafanya vilevile, na mpaka leo mji wa Gallup ukipita barabara kuu maduka ya rehani yamejipanga, mikanda imening'inia kama nguo za mtumba.

Gallup ndo nilikopata somo. Ni kama kilomita 220 magharibi ya hapa, nilienda na koncho yangu ya kwanza niliyoitengeneza mwenyewe, ya shaba ya njano, nimeipolishi mpaka unaweza kunyolea ndevu. Kuna mzee wa Kidine, fundi, nikamkabidhi kwa adabu zote, uso juu. Hakuutazama. Aliigeuza palepale, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono wa kitanzi, akasogea nayo dirishani, akaniuliza, hii umeipasha moto mara ngapi? Nikajibu mara moja. Akacheka, akanirudishia. Uso wenyewe niliokesha nao hajauona mpaka leo.

Kilichomchekesha nimekuja kukielewa baada ya kuharibu bamba nyingi. Madini ukiyagonga yanakuwa magumu, kila nyundo inayoshuka inayakaza, usipoyarudisha kwenye moto yakalegea yatakupasukia ukingoni. Na nyuma ya ile koncho yangu kulikuwa na ufa kama unywele, kutoka ukingoni unaelekea kwenye kitanzi, upande wa mbele nakshi imeuficha.

Sasa hivi nafanya hivi. Nakata duara kwenye bamba la unene wa milimita moja, au 0.8 kama ni koncho ndogo ya mkufu. Nachora mstari juu yake na maka peni, nawasha gesi, napitisha moto taratibu, ule mstari ukitoweka bamba limeshalainika, nasubiri wekundu upotee ndo natumbukiza kwenye maji. Nakshi nagonga bamba likiwa bado bapa. Hili watu wanalikosea sana, wanalitia tumbo kwanza halafu ndo wanagonga, panchi, kile chuma cha kugongea nakshi, inateleza juu ya kilima na nakshi inakaa upande upande kama mlevi. Panchi nachonga mwenyewe kutokana na tupa kuukuu, nazilainisha kwanza kwa moto, nachonga, nazirudishia ugumu. Na hili la panchi sisi wa ngozi litupe kiburi kidogo, maana mafundi fedha wa Kidine wa mwanzo waliiga mihuri ambayo Wameksiko walikuwa wanagongea nakshi kwenye ngozi, yaani maua yale yalihama kutoka kwenye tandiko yakaenda kwenye fedha, na sisi leo tunaifunga fedha juu ya tandiko.

Nikimaliza kugonga naipasha moto tena, halafu naitia tumbo kwenye gogo nililolichimba kishimo, nyundo ya mbao, kuanzia ukingoni nazunguka naelekea katikati, si katikati kwanza. Sauti inakuambia. Mwanzo inalia ti ti ti, inapokaa vizuri kwenye kishimo sauti inakuwa nzito, du. Ukingo nasawazisha kwa tupa. Kitanzi ndo cha mwisho, na hapo sina haraka, nasugua nyuma kwa msasa mpaka paonekane papya, maana lehemu haishiki uchafu wala mafuta ya vidole, naweka moto kwenye kisahani chenyewe kwanza kwa sababu ndo kikubwa, kitanzi kitafuata. Kama ni fedha, weusi wa kwenye mifereji natumia yai la kuchemsha, unaliponda likiwa la moto unalifungia na koncho kwenye mfuko wa plastiki, baada ya muda imekuwa nyeusi yote, unapolishi juu, weusi unabaki chini. Yai lenyewe usile, nasema kwa uzoefu wa mtoto wangu aliyekaribia.

Hiyo yote ni karibu saa mbili kwa koncho moja, na mkanda unataka saba mpaka kumi, na buko, kile kifungo cha mkanda, juu yake. Ndo maana jamaa zangu wa ngozi wananicheka. Kuna mmoja kaniambia kavukavu, bro, hakuna mteja anayeangalia nyuma, nyuma imelala kwenye ngozi nani ataiona? Ni kweli hawaangalii. Ila ngozi inaiona. Koncho ya kumimina mara nyingi nyuma imechongoka, kila ukikaa kwenye gari inasaga ule mkanda, baada ya miezi unakuta tundu limepanuka kama sikio la mtu aliyevaa hereni nzito, na mteja atakulaumu wewe fundi wa ngozi, kiwanda kilichomimina zinki hatakijua hata jina. Sisemi skrubu ni haramu, za kukaza pande mbili nzuri tu kama koncho yenyewe ni shaba au chuma cha maana na umetia gundi kidogo kwenye nyuzi zake. Na kama unashonea mtoto vazi la mchezo wa shule, nunua za bei chee usiumize kichwa.

Ninachokataa ni kuitwa kitu ambacho sio. Kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa inaendesha hoteli na migahawa kwenye reli ya Santa Fe, ilianza mwaka 1899 kuagiza mapambo mepesi kwa ajili ya watalii, maana mtalii hataki kubeba mkanda wa kilo, anataka kitu cha kuonyesha nyumbani. Bamba likawa jembamba, mishale na ndege wa radi vikajaa, na wauzaji wakachapisha mpaka majedwali ya maana za alama, hii ni mvua hii ni urafiki, nyingi wamezitunga wao. Mpaka leo kuna watu wanaenda kuchora tatuu kwa jedwali la muuza duka. Hali ikafika mahali ambapo 1990 Marekani ikakaza sheria, ukiuza kitu kwa kudanganya kwamba kimetengenezwa na Wahindi Wekundu, kosa la kwanza tu unaweza kula miaka 5 jela na faini mpaka dola 250,000.

Mi naishi katikati ya hao watu, nimekula kwenye meza zao, kwa hiyo mishale sigongi. Nagonga ua lile la kwenye milango ya Zanzibar, la petali nyingi, ambalo kwenye duara linakaa kama limezaliwa humo. Kuna mteja alinishauri niandike tu "mtindo wa Kinavajo" zitatoka haraka. Zitatoka, najua. Lakini nyuma ya koncho ndo pana nafasi ya jina la aliyeitengeneza, mafundi wa huku wengi wanagonga alama yao hapo, sasa mi nitagonga ya nani?

Nilishatengeneza panchi yangu, herufi moja tu, na kazi ya kwanza kuibeba ni koncho mbili za ule mkoba, bure kabisa maana aibu ilikuwa yangu. Jumapili nikampelekea mama. Akazitazama akasema zile za kwanza zilikuwa zinang'ara zaidi. Nikameza mate, nikamwambia mama, hebu fungua kifuniko, geuza uone nyuma. Akageuza. Akatazama kitanzi, akakivuta kwa nguvu mpaka nikaogopa, kikagoma. Halafu akasogeza macho karibu na ile herufi yangu.

"Sasa hii, juu ya nini imepinda?"