Aplikesheni nyingine ya nini, wakati kutoa franga kwenye simu ni taabu?

Kila mradi unaokuja Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, siku hizi unakuja na aplikesheni yake. Ya afya, ya wakulima, ya vijana. Inazinduliwa hotelini kando ya ziwa, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa, na baada ya miezi michache mtaani kwetu hakuna anayekumbuka hata jina lake.

Teknolojia iliyowafaa kweli maskini wa mji huu ni pesa kwa simu, basi. Tangu waasi wa M23 waingie mwisho wa Januari 2025 na benki kufunga milango, simu ndiyo ikawa benki. Mshahara, pesa ya shule, kodi ya nyumba, msaada wa ndugu aliye Kinshasa, vyote vikapitia humo. Shida ni kwamba noti ziliadimika, na komisheni ya kutoa franga ikapanda. Mwenye nyingi anavumilia. Mwenye kidogo anaumia.

Kaa asubuhi kwenye kabini moja, kibanda cha kutoa na kutuma pesa kwa simu, mtaani Majengo, uone. Meza, mwavuli, daftari limejaa namba, kijana ana simu tatu mbele yake. Mama muuza sombe, majani ya muhogo, anafika na kasimu kake ka tochi. Ujumbe umeingia kwa Kifaransa, hawezi kuusoma. Anampa kijana simu, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kijana yule ni mwaminifu, Mungu ambariki. Na wa kabini ya pili je? Mama huyu angepigiwa simu na sauti ya Kiswahili ikamwambia nani katuma, ametuma ngapi na zimebaki ngapi, angepona wezi wengi. Kasimu kake kanaweza hiyo kazi leo hii.

Serikali nayo inyamaze kidogo. Kuanzia 2020 ilikuwa inatukata unite, yaani salio la kupigia, kwa ushuru wa kusajili simu ulioitwa RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na 7 kwa simu kubwa, hadi kelele zilipozidi ukafutwa 2022. Sisi wenye koltani ya migodi ya Rubaya, madini yanayoingia kwenye simu hizo hizo!

Kwa hiyo mashirika yanayotuma msaada kwa simu yaongeze komisheni ya kutoa juu ya kile yanachotuma, isitoke kwenye unga wa watoto. Na kampuni za simu ziweke hiyo sauti, kwa Kiswahili chetu cha Goma, siyo kile cha taarifa ya habari.