Ilikuwa meza, sio friji

Naona stori ishawafikia. Nimeamka nakuta meseji za watu ambao hatujasalimiana tangu enzi na enzi, wote wanaulizia hali ya Komando, kuna mmoja kaniandikia kabisa "hongera kwa uzazi salama". Najua imetokea wapi. Nina rafiki yangu tunapakana ukuta, mtu wa shida na raha, ila mdomo wake hauna kitasa. Sasa kabla hajaongeza chumvi nyingine acha nisimulie mwenyewe aibu yangu, ila kwanza nisahihishe mambo mawili. Sikupanda juu ya friji, ilikuwa meza. Na sikumuita mama. Hilo la pili tutalifikia, tulieni.

Mnakumbuka Manyoya alitutoka. Simbilisi (guinea pig) wa binti yangu, yule wa kahawia mwenye nywele zimesimama kama kapigwa shoti. Alikuwa na miaka 6, na simbilisi wengi wanaenda 5 mpaka 8, kwaiyo mzee alikula siku zake vizuri tu, ila nenda kamwambie hivo mtoto wa miaka 7. Nyumba ikawa ya msiba. Tulimzika kwenye boksi la viatu vyangu, boksi ambalo viatu vyake bado vipya, nami sikuruhusiwa kuuliza.

Wiki mbili baadae binti kaja mwenyewe, "Baba, niko tayari kupata mwingine." Kaongea kama mjane. Tukaitisha kikao cha familia. Mama watoto akatoa sharti moja, mnyama asipige kelele usiku. Mimi sharti langu asife mapema maana sina tena boksi la kutoa. Binti akasema awe wa kukumbatiwa. Basi, pitisheni mnyama kwenye masharti hayo matatu muone kama ni rahisi.

Hamsta tulimkata mapema, miaka 2, akijitahidi sana 3, halafu ni mtu wa usiku, nyie mmelala yeye ndo anapanda gurudumu anakimbia mpaka asubuhi utadhani anadaiwa. Samaki wa dhahabu ukimtunza vizuri anavuka hata miaka 10 na hana kelele, ila binti akauliza "namkumbatiaje?" na wazazi wote wawili tukaangalia dari. Sungura anaishi 8 mpaka 12, mimi nilishamkubali kabisa, mama watoto akakumbuka wa dada yake alivotafuna waya wa chaja mpaka kwenye soketi. Ndo nikatoa wazo langu la mwisho kwa kujiamini, KOBE. Nikawaeleza, kobe hapigi kelele, hatafuni nyaya, na anaweza kuvuka miaka 50 bila wasiwasi. Kimya. Namuona binti anahesabu kwa vidole, ananiangalia, anarudi kwenye vidole. "Baba, kwaiyo wewe utakufa kobe abaki?"

Mama watoto alitoka sebuleni akaenda kuchekea chumbani. Kobe hakupita.

Tukarudi kulekule kwa simbilisi. Muuzaji, kijana mstaarabu tu, akanishauri nichukue wawili, kwamba hawa viumbe ni wa kukaa na wenzao, mmoja peke yake ananyong'onyea, hata Uswisi tangu mwaka 2008 sheria haikuruhusu kumfuga mmoja. Mimi biashara naijua. Nikamwambia ndugu yangu hapa sio Uswisi, nipe mmoja. Hiyo sentensi iwekeni pembeni.

Binti akachagua mnene kuliko wote, katulia kwenye kona kama mstaafu anayesubiri kuitwa dirishani. Nikauliza dume au jike, maana sharti la kimyakimya la kwangu lilikuwa dume, sitaki mambo ya kuzaana. Kijana akasema ukweli wake, "Huyu kaletwa juzi na wenzie, bado sijamkagua."

Angesema lolote lile siku hiyo, uongo hata, leo nisingekuwa nawaandikia. Maana usiku wake nilikuwa nimeangalia vidio. Dakika 4. Nikamwambia niachie mimi.

Nikamchukua simbilisi, nikamgeuza tumbo juu, mkono mmoja nimemkalisha kwenye kiganja kama nilivoona. Kwenye vidio mambo yalikuwa wazi kama mchana, jike unaona alama kama herufi Y, dume unaona kidoti juu na kamstari chini, kama herufi i ndogo. Mimi nikaona manyoya. Manyoya tupu jamani, manyoya na manyoya mengine chini yake. Nainua macho, wateja watatu wamesogea wanaangalia mtaalamu anavofanya kazi. Sasa hapo unarudi nyuma vipi? Nikapuliza kidogo manyoya yakagawanyika, nikakunja uso, nikatikisa kichwa kama daktari wa kwenye tamthilia, nikasema, "Dume. Tena dume la mbegu."

Mteja mmoja akaniomba nimuangalizie na wa kwake. Nikamuangalizia. Ndugu yangu popote ulipo, wako nilisema jike, ila kwa yaliyonikuta naomba utafute ushauri mwingine.

Binti akampa jina Komando.

Wiki tatu Komando ananenepa tu, na sifa zote nachukua mimi. Huyo rafiki yangu akija nampeleka kwenye kizimba namuonesha, mzee ona kifua hicho, siri ni mboga za majani kila siku, maana simbilisi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, ukizembea anapata kiseyeye. Nilikuwa natoa mhadhara. Siku moja binti ananiambia baba tumbo la Komando linacheza lenyewe. Nikamwambia ni gesi.

Sasa juzi. Saa 11 alfajiri, nina safari ya kikazi, nimeoga, nimejifunga taulo, natoka bafuni povu bado liko jicho la kushoto. Mama watoto yuko nje anaanika, kauegesha mlango tu. Shati langu liko sebuleni nilikolipigia pasi usiku, taa sikuwasha, nyumba yangu naijua. Nimefika katikati ya sebule, kitu kikanipita juu ya mguu.

Ngoja niwaeleze hicho kitu. Kilikuwa laini. Kilikuwa na joto. Kilikuwa na vikucha, vidogo sana, nilivihesabu kwenye ngozi kimoja kimoja vinavopanda upande wa kidole gumba vinashukia upande wa kidole kidogo, hakina haraka, kama kinavuka daraja. Nikaganda. Mguu mmoja umeganda chini mwingine umeganda hewani. Nikajiambia ni soksi. Soksi gani inatembea, akili ikauliza. Kabla sijajibu kikapita cha pili, kinafata njia ileile. Panya mmoja ni bahati mbaya, wawili ni ukoo.

Kupanda mezani sikumbuki. Nakumbuka niko chini, halafu nakumbuka niko juu. Taulo halikupanda na mimi, lilishikwa na mgongo wa kiti na likaamua kubaki hapo. Nikanyoosha mkono gizani nikadaka kitu cha kwanza, kikawa kitambaa cha kochi. Vile vya kufuma kwa mkono. Vile vya matundu. (Wewe unayecheka acha, bado.)

Nikapiga kelele PANYAAA. Halafu nikaita mke wangu, na mnajua mimi namuita mama watoto siku zote, nikaanza "MAMAAA..." na pale pale kikatokea cha tatu, kikaja mpaka chini ya meza, kikakaa, kikaniangalia, kikaanza kunawa uso. Pumzi ikakata. Neno "watoto" halikutoka. Kwaiyo kilichosikika mtaa mzima ni mwanaume mzima anaita mama, alfajiri, mara moja, kwa sauti ndefu. Huo ndo ukweli wote kuhusu hilo.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Rafiki yangu, ufagio mkono wa kulia, simu imewaka tochi mkono wa kushoto, na tochi hakuimulika chini waliko panya, aliimulika mezani. Nyuma yake mama yake mzazi, bibi wa watu kavaa kanga yake vizuri, kaja na mwiko. Nyuma ya bibi vijana wawili siwajui hata majina mpaka leo. Na mimi pale juu, nimeshika kitambaa kwa mikono miwili, najaribu kukikunja matundu yasikutane na matundu, mtu mzima anaingia, adabu niliyolelewa nayo ikaniponyoka yenyewe, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Shuka."

"Kuna panya bibi."

Bibi akawasha taa. Akainama taratibu, akaokota kimoja chini ya meza kama anaokota kitufe, akakiweka kiganjani, akakigeuza. Kina manyoya kamili, macho yamefunguka, kinamuangalia vizuri tu. Akakaa nacho muda mrefu kidogo.

"Mwanangu. Panya gani hana mkia?"

Hapo ndo binti yangu akatoka chumbani anafikicha macho, kapita katikati ya wale vijana moja kwa moja mpaka kwenye kizimba, kachungulia, kageuka. Sio kwa kejeli wala nini, kwa furaha kabisa, "Baba! Komando kajifungua!" Akafikiri kidogo. "Baba, si ulisema dume?"

Nilijifunza baadae kwamba watoto wa simbilisi hawazaliwi uchi na vipofu kama wa panya, mimba inakaa zaidi ya siku 60 tumboni, kwaiyo wanatoka wamekamilika, manyoya, macho, meno, baada ya masaa machache wanatembea, na wale wa kwetu matundu ya kizimba waliyaona kama mlango. Yani walikuwa wanatalii. Ni taarifa nzuri sana, ingenifikia nikiwa bado chini ingenisaidia.

Mengine nafupisha. Mama watoto alikuja akanirushia taulo bila kuniangalia, nadhani alikuwa anajizuia. Safari nilichelewa. Kitambaa cha kochi kimefuliwa mara mbili na bado hakuna anayetaka kukirudisha kwenye kochi. Kizimba nimeongezea wavu. Watoto ni watatu, na mama yao wanne, kwaiyo Uswisi saivi naingia kifua mbele. Muuzaji nilimpigia, akauliza, "Wewe si yule mtaalamu?" nikakata simu.

Jina la Komando linabaki, binti kagoma kubadilisha.

Kimebaki kitu kimoja, wakifika wiki 3 inabidi madume watenganishwe na mama yao maana umri huo wanaweza kumpa mimba, kwaiyo lazima tujue nani ni nani. Jana nilipoinuka tu kusogelea kizimba, binti akasimama mbele yangu kanishika mkono, kwa heshima zote.

"Baba usijisumbue. Nishaongea na bibi."